Uhariri Si Kazi Moja: Mwandishi Aombe Nini, na Lini

Mwandishi wa Kiswahili anapokamilisha mswada wake wa kwanza, ombi analolipeleka kwa mhariri huwa fupi: “Naomba uniharirie kitabu changu.” Ombi hilo halina kosa la adabu wala la sarufi, lakini halimwelezi mhariri kinachotakiwa. Wahariri wanne wakilipokea wanaweza kufanya kazi nne zisizofanana hata kidogo, na kila mmoja akawa ametimiza alichoombwa. Wa kwanza atarudisha barua ya kurasa kadhaa isiyogusa hata koma moja ya mswada. Wa pili ataandika upya nusu ya sentensi. Wa tatu atasahihisha tahajia na kuuliza kwa nini mhusika ana umri wa miaka 20 katika sura ya pili na miaka 19 katika sura ya tano. Wa nne atasema hawezi kuanza, kwa sababu kurasa bado hazijapangwa kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji.

Kwetu Afrika Mashariki, uhariri umezoeleka kuwa ni kuwinda makosa ya tahajia, na mazoea haya yana historia. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930 baada ya Kiunguja kuchaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, ilipewa pia kazi ya kupitia vitabu vya shule na kuidhinisha vile vilivyofuata tahajia na sarufi iliyokubaliwa. Waandishi wengi walikutana na uhariri kwa sura hiyo ya ukaguzi wa lugha, na hadi leo mtu akimaliza kuandika humpelekea mswada mwalimu wa Kiswahili au rafiki aliyesomea lugha chuo kikuu, naye huupitia kwa kalamu nyekundu hadi ukurasa wa mwisho. Tunapata hivyo vitabu ambavyo kila neno limeandikwa sawasawa, lakini hadithi inaanza ukurasa wa 60, au hoja ya sura ya tatu inapingwa na sura ya nane bila mwandishi kutambua. Mwandishi wa namna hiyo hakukosa juhudi wala fedha. Alilipia aina moja ya uhariri wakati mswada wake ulikuwa unalilia nyingine, na inauma kuona kazi ya miaka ikiishia hapo kwa sababu tu hakuna aliyemweleza tofauti.

Majina ya kazi hizi hayafanani kila mahali. Chama cha wahariri cha Kanada, Editors Canada, kinazigawa katika mafungu manne, ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuyaita uhariri wa muundo, uhariri wa mtindo, uhariri wa nakala na usomaji wa prufu, yaani wa kurasa zilizokwisha kupangwa kabla ya kuchapwa. Kwingine fungu la pili na la tatu huunganishwa na kufanywa na mtu mmoja kwa mkupuo mmoja. Katika nyumba ndogo ya uchapishaji, mhariri mmoja anaweza kuyabeba yote manne, na juu yake akaandika maneno ya jalada la nyuma. Kwa hiyo mwandishi asishike jina, aulize kazi: utaangalia nini, utagusa nini, utanirudishia nini? Kinachofanana karibu kila mahali ni mpangilio, kwamba yaliyo makubwa hushughulikiwa kwanza na madogo baadaye, kwa kuwa kusahihisha koma za sura itakayofutwa wiki ijayo ni sawa na kupaka rangi ukuta utakaobomolewa.

Ili tusizungumze hewani, tuufuate mswada mmoja wa kubuni. Ni riwaya inayotokea mwaka 2003. Mwanaidi, binti pekee wa baba yake, anarudi Tanga kutoka Dar es Salaam baada ya baba kufariki, na anakuta nyumba yao ya Ngamiani iko mbioni kuuzwa. Ndani ya nyumba anaishi Bi. Zuhura, ambaye anajua zaidi ya anavyosema. Sura tatu za mwanzo zinasimulia utoto wa Mwanaidi, na habari ya nyumba inaingia sura ya nne. Mswada una sura 18, na mwandishi ameusoma mara nyingi kiasi kwamba haoni tena kilichoandikwa, anaona alichokusudia.

Kabla ya uhariri wenyewe kuna tathmini. Msomaji mwenye uzoefu huusoma mswada mzima bila kuugusa, kisha huandika ripoti: kitabu hiki kinamlenga nani, kina nguvu wapi, kinalegea wapi, na je, kiko tayari kuendelea au kirudi mezani. Wachapishaji hutumia ripoti za namna hii kuamua kama watauchukua mswada, lakini mwandishi naye anaweza kuiomba kwa niaba yake mwenyewe, na kwa kawaida gharama yake ni ndogo kuliko ya uhariri kamili. Kwa mwandishi wa kitabu cha kwanza mwenye fedha za kazi moja tu, ningemshauri azielekeze hapa. Mwenzi na marafiki watamwambia kimependeza, wakiwa wanampenda. Mtu asiyemjua ndiye atakayemwambia kwamba alichoka alipofika sura ya tatu.

Uhariri wa muundo na maudhui huanzia hapo. Mhariri wa hatua hii anauliza maswali ambayo hayana uhusiano wowote na tahajia. Mwanaidi anataka nini, na nani anamzuia? Kwa nini tusianze na basi linaloingia Tanga, halafu utoto ukaja kwa vipande pale unapohitajika? Mzee Salehe, jirani aliyekabidhiwa hati ya nyumba, anajitokeza sura ya pili kisha hatajwi tena. Amekwenda wapi, na hati iko kwa nani? Sura ya tisa inasimuliwa kwa mawazo ya Bi. Zuhura wakati riwaya nzima iko machoni pa Mwanaidi. Je, hilo limekusudiwa? Kwa kitabu kisicho cha kubuni, tuseme mwongozo wa ufugaji wa kuku au kumbukumbu za maisha ya mwalimu mstaafu, maswali yanageuka lakini uzito ni uleule: msomaji anajua nini anapofungua kitabu, anapaswa kujua nini anapokifunga, na ni sura ipi imekosekana katikati?

Anachorudisha mhariri huyu ni barua, pengine na maelezo pembeni mwa kurasa. Hatengenezi yeye. Mwandishi ndiye anayekwenda kuandika upya, na kazi hiyo inaweza kuchukua miezi. Ni hatua ngumu kuliko zote kwa moyo wa mwandishi, kwa sababu inagusa uamuzi aliousimamia tangu siku ya kwanza, na wengi huikimbia wakisema kwamba mhariri anataka kubadilisha kitabu chao. Wakati mwingine ni kweli anataka, na mwandishi ana haki ya kukataa. Lakini pale mhariri anapoonyesha tatizo kwa usahihi na kupendekeza dawa isiyofaa, busara ni kuikataa dawa na kulishughulikia tatizo. Mwandishi wa riwaya yetu anaweza kukataa kufuta sura za utoto, na bado akakubali kwamba msomaji anasubiri mno, akaamua kuufungua mswada kwa simu ya usiku inayoleta taarifa ya msiba.

Muundo ukitulia, ndipo sentensi zinapoangaliwa. Uhariri wa mtindo hushughulikia sauti ya mwandishi, mdundo wa sentensi, marudio, na maneno yanayojaza nafasi bila kufanya kazi. Hapa mfano una faida kuliko maelezo. Chukulia kwamba mswada umefika kwa mhariri ukiwa na aya hii:

“Mwanaidi alishuka kwenye basi kwa haraka sana huku akiwa na moyo uliojaa huzuni nyingi ndani yake, na akaanza kutembea kuelekea katika nyumba ambayo ndiyo nyumba ambayo yeye alizaliwa. Alipo fika alimkuta shangazi yake aitwae Bi. Zuhura amekaa barazani anachambua mchele. Shangazi alimuangalia kwa macho ambayo yalionesha kwamba kulikuwa na jambo ambalo alikuwa hataki kulisema. ‘Shikamoo shangazi,’ alisema Mwanaidi kwa sauti ya huzuni. ‘Marahaba mwanangu, karibu, ata ivyo umechelewa,’ alijibu shangazi yake.”

Jicho la msomaji wa kawaida litakimbilia “ata ivyo”. Mhariri wa mtindo hulipita kwa sasa. Anaona kwamba huzuni imetajwa mara mbili na haijaonekana hata mara moja. Kwamba “ambayo”, “ambalo” na ndugu zao wamesongamana katika aya moja ilhali Kiswahili kina njia fupi ya kusema “alimozaliwa”. Kwamba katika maongezi ya watu wawili, salamu zenyewe zinatosha kutuambia nani anasema. Kisha anafika kwenye sentensi ya macho ya shangazi, na hapo mhariri mzuri hutulia. Haiandiki upya. Anaweka swali pembeni: “Mchele tayari uko mbele yake. Mikono yake inafanya nini wakati huu?” Mwandishi anajibu kwa kuandika, na aya inarudi hivi:

“Mwanaidi alishuka kwenye basi, akashika njia ya kwenda nyumba alimozaliwa. Alimkuta shangazi yake, Bi. Zuhura, amekaa barazani anachambua mchele. Shangazi aliinua macho, akamtazama, kisha akaendelea kuchambua. ‘Shikamoo, shangazi.’ ‘Marahaba, mwanangu. Karibu. Hata hivyo, umechelewa.’”

Aya imepungua karibu nusu, na siri ya shangazi imeongezeka uzito. Sentensi iliyobeba siri hiyo ni ya mwandishi mwenyewe, na hilo nalitilia mkazo kwa sababu hatari kubwa ya uhariri wa mtindo ni mhariri kuandika kitabu chake juu ya kitabu cha mwenzake. Mwandishi aliyekulia Mombasa akiandika mazungumzo ya wavuvi wa Mji wa Kale, maneno yao si makosa ya kusafishwa ili wazungumze kama watangazaji wa taarifa ya habari. Mwandishi wa Lubumbashi anayewapa wahusika wake Kiswahili cha Katanga ana sababu zake. Vivyo hivyo, mwandishi anayetumia programu za akili mnemba kulainisha sentensi zake na azisome tena kwa sauti, aone kama bado anajisikia humo.

Uhariri wa nakala ndio ulio karibu zaidi na kile watu wengi wanachokiita uhariri, lakini hata wenyewe ni mpana kuliko kalamu nyekundu. Sehemu yake ya kwanza ni usahihi: “alipo fika” inakuwa “alipofika”, “aitwae” inakuwa “aitwaye”, “alimuangalia” inakuwa “alimwangalia”, “ata ivyo” inakuwa “hata hivyo”. Kuunganisha na kutenganisha maneno ni ugonjwa mkubwa wa miswada ya siku hizi, “kwasababu” na “kwahiyo” upande mmoja, “na penda” na “walio kuja” upande wa pili. Upatanisho wa kisarufi nao huteleza hasa sentensi inapokuwa ndefu na kiima kikawa mbali na kitenzi chake. Kisha kuna jozi za maneno ambazo kisahihishi cha kompyuta hakiwezi kuzigundua kwa sababu yote mawili ni maneno halali: kura na kula, mahari na mahali, fahari na fahali, dhana na zana. Kompyuta itaukubali mswada ambamo familia ya bwana harusi imelipa “mahali”, na msomaji wa Pemba atakifunga kitabu.

Sehemu ya pili ni uthabiti, na hapa chombo cha kazi ni karatasi ya mtindo, orodha anayoijenga mhariri kadiri anavyosoma. Humo anaandika kwamba katika kitabu hiki tutatumia “onyesha” na si “onesha”, kwa kuwa maumbo yote mawili yanatumika na kuyachanganya ndiko kunakosumbua. Kwamba tutaandika “kompyuta” na si “tarakilishi”. Kwamba umri utaandikwa kwa tarakimu. Kwamba jina ni Zuhura na si Zuhra. Kamusi humsaidia, iwe Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka kwanza mwaka 1981 au Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, ya mwaka 2015, lakini kamusi haziafikiani kila mahali, na kawaida za Nairobi hazilingani na za Dar es Salaam. Mhariri wa nakala anayejua kazi yake humuuliza mwandishi kitabu kitasomwa wapi zaidi, kisha huchagua na kuushikilia uchaguzi huo hadi mwisho. Mwandishi aiombe karatasi hiyo mwishoni mwa kazi, kwa sababu ataihitaji kwa kitabu cha pili.

Sehemu ya tatu ya kazi hii ndiyo ninayoiona tamu kuliko zote, na ndiyo inayothaminiwa kidogo: kuhakikisha kwamba ulimwengu wa kitabu haujipingi na haupingani na ulimwengu tunaoujua. Katika sura ya saba ya mswada wetu, Bi. Zuhura anaitwa mama mdogo. Mwandishi aliyechoka anaweza kudhani ni kosa dogo la jina, kumbe riwaya nzima inategemea neno hilo. Shangazi ni dada wa baba, na mama mdogo ni mdogo wa mama. Familia hii inafuata mirathi ya Kiislamu. Marehemu akiacha binti mmoja na dada yake wa baba mmoja mama mmoja, na hakuacha mwana wa kiume wala uzao wa mwana huyo, baba, babu wala kaka, basi binti hupata nusu, mjane akiwepo hupata fungu lake la thumuni, yaani moja ya nane, na kilichobaki ni cha dada wa marehemu. Kama Bi. Zuhura ni shangazi, ana haki katika nyumba ile, na ukimya wake barazani ni ukimya wa mrithi. Kama ni mama mdogo, kwa marehemu alikuwa shemeji tu, hana fungu lolote, na ukimya wake una maana nyingine kabisa. Mhariri wa nakala haamui yupi ni yupi. Anamrudishia mwandishi swali, na mara nyingine swali hilo hurudisha mswada hatua mbili nyuma.

Wakati nao hukaguliwa. Katika sura ya kumi na mbili, Mwanaidi anamtumia shangazi fedha za matumizi kwa M-Pesa. Hadithi iko mwaka 2003. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Mwanaidi wa 2003 angetia noti katika bahasha na kumkabidhi dereva au konda wa basi la Tanga, na shangazi angekwenda stendi kuipokea. Mabadiliko haya yanaipa riwaya kitu ilichokikosa, yaani bahasha inayoweza kuchelewa, kupotea, au kupokewa na mtu mwingine. Makosa ya aina hii yamejaa katika hadithi zinazorudi nyuma kidogo tu: mhusika anayevuka kwa gari daraja la Kigamboni mwaka 2010 wakati daraja lilifunguliwa mwaka 2016 na watu walikuwa wakivuka kwa pantoni, au familia ya Mwanza mwaka 1985 inayotazama kituo cha televisheni cha Tanzania Bara, ilhali vituo vya Bara vilianza mwaka 1994.

Ushairi wa arudhi, yaani unaofuata kanuni za vina na mizani, una masharti yake, na mhariri wa nakala asiyeyajua anaweza kuleta madhara makubwa kwa nia njema. Shairi la tarbia lenye mizani nane kwa nane haliruhusu neno kubadilishwa bila kuhesabu. Mshairi akiandika “yuwaja”, mhariri akaona si sanifu akaweka “anakuja”, mizani tatu zimekuwa nne na mshororo umevunjika. Neno la lahaja katika shairi mara nyingi limechaguliwa kwa mizani, kwa kina, au kwa vyote viwili. Mhariri wa mashairi na afanye mambo mawili kabla ya kugusa chochote: ahesabu, na aimbe.

Baada ya nakala kukubaliwa, mswada huenda kwa msanifu wa kurasa, na kinachorudi kutoka kwake ndiyo prufu. Usomaji wa prufu ni hatua nyembamba na ya lazima. Msomaji wa prufu analinganisha kurasa zilizopangwa na nakala iliyokubaliwa, akitafuta kilichoharibika njiani pamoja na machache yaliyowaponyoka waliotangulia. Anaangalia kama namba za kurasa katika yaliyomo zinalingana na sura, kama maelezo ya picha yako chini ya picha yake, kama mstari mmoja wa aya umeachwa peke yake juu ya ukurasa, kama jina la mwandishi kwenye jalada ni lilelile la ukurasa wa kwanza, kama tarakimu 13 za ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, ziko sawa. Kwa Kiswahili kuna jambo moja la ziada ambalo wasanifu wengi husahau. Programu za kupanga kurasa zikiachwa kwenye mipangilio ya Kiingereza hukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza, na “nyumba” linaweza kukatwa “nyum-ba” wakati silabi zetu ni nyu na mba. Alama ya ritifaa ya “ng’” nayo hupotea faili zinapohamishwa, na “ng’oa” likawa “ngoa”, kitenzi cha kuondoa kitu na mizizi yake kikawa nomino ya wivu.

Hatua hii ndiyo ambayo waandishi wengi huigeuza kuwa nafasi ya mwisho ya kuandika upya, na wachapishaji huiogopa kwa sababu nzuri. Vitabu vinavyopigwa chapa kwa mashine kubwa hukunjwa kwa vifungu, mara nyingi vya kurasa 16. Kitabu cha kurasa 160 ni vifungu kumi kamili. Mwandishi akiongeza aya tatu katika sura ya pili, maandishi yanasukumana hadi mwisho, kitabu kinafika kurasa 161, na mchapishaji anapaswa kulipia kurasa zaidi au kubana kwingine. Faharasa, yaani orodha ya maneno na kurasa yanapopatikana, kama ipo, inakuwa si sahihi tena. Kwa sababu hiyo mikataba mingi humtaka mwandishi alipie mabadiliko anayoyafanya kwenye prufu yakizidi kiwango fulani, isipokuwa yale yanayosahihisha kosa la mpangaji. Na msomaji wa prufu asiwe mtu yuleyule aliyehariri nakala, kwani jicho lililokwisha kuzoea maandishi husoma kwa kumbukumbu.

Vitabu vya shule vina ukaguzi juu ya huu wote. Nchini Tanzania hupitia Taasisi ya Elimu na ithibati ya lugha ya BAKITA, na nchini Kenya taasisi ya ukuzaji mitaala, KICD. Vyombo hivyo hukagua, havihariri, na mswada mbichi unaopelekwa huko kwa matumaini ya kusaidiwa hurudi na orodha ya kasoro tu. Kumbukumbu za maisha zinazowataja watu walio hai zinahitaji pia macho ya mwanasheria, na kazi hiyo haimo katika aina yoyote ya uhariri niliyoitaja.

Nani analipa? Mwandishi aliyetia saini mkataba wa mrabaha na mchapishaji wa kawaida hapaswi kulipia uhariri. Ni sehemu ya uwekezaji wa mchapishaji, na akidaiwa fedha hizo na asome upya alichokitia saini. Anayejichapishia ndiye mwenye mzigo wote. Kabla ya kukubaliana, aombe kurasa chache za mfano zilizohaririwa, ajue ni mizunguko mingapi imo ndani ya bei, na asinakili viwango vya malipo kwa neno kutoka tovuti za Kiingereza. Neno moja la Kiswahili kama “hatukuwaona” hubeba kazi ya maneno matano ya Kiingereza, kwa hiyo maneno elfu 50 ya Kiswahili ni kitabu kirefu kuliko yanavyosikika. Kulipwa kwa ukurasa wenye idadi ya herufi iliyokubaliwa kunawatendea haki wote wawili.

Neno la mwisho ni la mwandishi. Mkataba wa Bern unaolinda haki za waandishi, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, unatambua haki ya mwandishi kupinga kazi yake kupotoshwa kwa namna inayodhuru heshima yake, hata baada ya kuuza haki za kuichapa. Kwa sababu hiyo mhariri na afanye kazi katika faili linaloonyesha kila badiliko, mwandishi alikubali au alikatae moja baada ya jingine, na yale asiyoyaelewa ayaulize kabla ya kuyakataa.

Kitabu kikishatoka, makosa machache yatabaki, hata kingepita mikononi mwa wahariri watano. Mwandishi na aweke nakala moja mezani kwa ajili ya hayo tu, ayaandike pembeni kadiri wasomaji wanavyomtumia. Kitabu kikipigwa chapa tena na masahihisho madogo, kinabaki na ISBN yake ileile. Kikiongezewa sura au kupangwa upya, hilo ni toleo jipya lenye ISBN yake, na kazi inaanza tena kwenye uhariri wa muundo.